Corolla 110 (5A-FE) inakosa nguvu na kuzima ikishapata moto: ni pampu ya mafuta au kuna kingine?

dereva_kibaha

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwongozo kabla sijatoa hela ya kifaa kingine.

Gari ni Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE, cc 1,498, gia za mkono. Asubuhi inawaka vizuri na kuvuta vizuri. Baada ya dakika 40 hivi, hasa kwenye foleni ya Kimara jua likiwa kali, inaanza kukosa nguvu. Nikikanyaga inashtukashtuka, haipandi zaidi ya mzunguko wa 3,000, mwisho inazima. Nikikaa pembeni dakika 10 au 15 inawaka na kutembea kama haikuwa na shida, halafu baada ya kilomita chache inarudia. Mafuta yakiwa chini ya robo tangi, shida inakuja mapema zaidi.

Joto la injini liko katikati siku zote, na taa ya injini haijawahi kuwaka. Nimeshabadilisha plagi nne, filta ya hewa na filta ya mafuta. Fundi mmoja anasema pampu imekufa, mwingine anasema nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini). Multimita ninayo na najua kuitumia, geji ya presha naweza kuazima. Nielekezeni nipime nini, wapi, na namba zinatakiwa ziwe ngapi.

---

Fundi_Petroli

Mkuu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Pampu ya ndani ya tangi inasingiziwa kuliko kifaa kingine chochote kwenye hizi Corolla, na nyingi zinazotupwa ni nzima. Kabla ya kuigusa, jua kwanza: pale gari linapozima, kilichokosekana ni mafuta au ni moto wa plagi? Ukikosea hapo, vipimo vyote vinavyofuata vitakupotezea siku.

Nakuambia hivyo kwa sababu kwenye 5A-FE pampu haiendeshwi na swichi moja kwa moja. Ina rilei yake (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Unapopiga stata rilei inafunga, na injini ikishawaka kontrol boksi (kompyuta ya injini) ndiyo inayoishikilia, kwa kufuata ishara ya mzunguko inayotoka kwenye distributa (kigawa moto wa plagi). Ishara hiyo ikikatika, plagi zinakosa moto na pampu inakatwa umeme kwa wakati uleule. Mtu akiweka sikio kwenye tangi akakuta kimya, anahukumu pampu, kumbe kilicholala ni sensa ndani ya distributa. Na sensa hiyo, pamoja na ignaita (kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili), vina tabia hiyohiyo ya kufa vikipata moto na kufufuka vikipoa.

Kitu kingine kinachowapoteza wengi: kwenye Toyota za miaka hiyo, ukifungua swichi bila kupiga stata, kwa kawaida pampu haingurumi. Kimya hicho si ugonjwa.

Kwa hiyo gari likizima barabarani, usisubiri lipoe. Fanya haya lingali na moto. Mwambie mtu apige stata, wewe angalia mshale wa mzunguko kwenye dashibodi. Ukilala kabisa kwenye sifuri, anza kuishuku distributa. Kisha chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka plagi ya akiba, ilaze kwenye chuma cha injini, na apige stata tena. Cheche iwe ya bluu na yenye mlio. Fanya hivyo mbali na sehemu yoyote inayonuka petroli.

Moto ukiwepo lakini gari haliwaki, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye bomba la hewa, sekunde moja tu, urudishe bomba, upige stata. Likishika kwa sekunde mbili kisha likazima, umepata jibu: injini ina njaa ya mafuta.

Soma na kodi pia (namba za makosa zilizo kwenye kontrol boksi), hata kama taa haijawahi kuwaka, maana zipo zinazohifadhiwa kimyakimya. Kwenye chumba cha injini kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa kwa mwendo mmoja bila kukatika, hakuna kodi. 12 na 13 ni ishara ya mzunguko, 14 ni ignaita. 25 ni mchanganyiko mwembamba, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, na hiyo ndiyo inayoendana na unachoeleza.

Jibu likiwa ni mafuta, rudi hapa tuendelee na presha. Au niiandike kabisa ili uwe nayo.

Kufunga geji. Kwanza ondoa presha iliyo kwenye mfumo. Toa kalio la siti ya nyuma, fungua kifuniko cha sakafuni, chomoa soketi ya pampu, washa injini uiache izime yenyewe, kisha piga stata sekunde mbili tatu zaidi. Toa waya hasi wa betri. Filta yako iko kwenye chumba cha injini, na bomba linaloelekea kwenye reli (bomba linalogawia nozeli mafuta) limefungwa kwa bolti yenye tundu katikati, kwa kawaida spana 17. Weka kitambaa chini, fungua taratibu, funga kiungo cha T cha geji hapo. Pete za shaba (washa) za pande zote mbili ziwe mpya, usirudishie za zamani hata zikionekana nzuri, na kaza kiasi cha Nm 30. Mpira wa geji uwe ule wa mifumo ya presha, wenye klempu. Mpira wa kawaida wa kabureta utapasuka mbele ya injini yenye moto.

Geji ya 0 hadi 100 psi (kizio cha presha) inatosha. Tumia mpira mrefu, uitoe geji nje ya boneti na uifunge kwa utepe wa gundi juu ya kioo cha mbele, kwa nje, ili uisome ukiwa unaendesha. Usiingize mpira wenye petroli ndani ya gari kwa sababu yoyote. Presha ya gari lililopoa gereji haitakuambia lolote kuhusu shida inayokuja dakika ya 40.

Namba. Kwenye reli kuna regulata ya presha yenye kimpira chembamba kinachokwenda kwenye bomba la hewa la injini. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa) na kimpira kikiwa mahali pake, utasoma kati ya psi 30 na 37. Chomoa kimpira uzibe mdomo wake kwa kidole: presha ipande hadi kati ya 38 na 44. Tofauti hiyo ya psi 7 au 8 ni muhimu kama namba zenyewe. Isipokuwepo kabisa, kimpira kimepasuka au regulata imekwama. Kimpira kikinuka petroli au kikiwa na unyevu ndani, ngozi ya regulata imechanika na injini inakunywa mafuta kwa njia ya pembeni.

Ukizima injini, dakika 5 baadaye geji isiwe chini ya psi 21. Ikianguka haraka, kuna valvu ya pampu isiyoshika, regulata inayovuja, au nozeli inayodondosha. Hilo linasababisha kuwaka kwa shida, lakini halisababishi kuzima ukiwa unatembea, kwa hiyo usilichanganye na tatizo lako.

Presha ikiwa chini. Tafuta mpira wa kurudisha mafuta tangini unaotoka kwenye regulata. Uzungushie kitambaa, uubane taratibu kwa koleo huku ukiangalia geji. Ikipanda haraka kuelekea 60, achia mara moja: pampu ina nguvu, regulata ndiyo inayoruhusu mafuta yarudi kabla ya wakati. Isipopanda, au ikipanda kwa uvivu, shida iko nyuma: filta, chujio la tangini, pampu yenyewe au umeme wake. Mpira wa miaka zaidi ya 20 unaweza kupasuka ukibanwa, kwa hiyo ukague kwanza, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

---

waya_mwekundu

Naongezea upande wa umeme, kwa sababu hapa ndipo pampu nzima nyingi zinapozikwa.

Pampu ni mota. Ikipata volti 10 badala ya 13 haizimi, inazunguka polepole. Sailensa itakuwa sawa, mjini utatembea, lakini ukihitaji mafuta mengi presha inashuka. Na sehemu ya waya yenye kutu hupata joto kadiri umeme unavyopita, joto linaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Ndiyo maana asubuhi gari ni zima na mchana ni gonjwa.

Mkuu, usipime volti soketi ikiwa imechomolewa. Utasoma 12 hata kama umebaki uzi mmoja wa waya. Pima pampu ikiwa inafanya kazi, kwa kuchoma pini nyembamba nyuma ya soketi.

Vipimo ni vitatu, injini ikiwa inanguruma na tatizo likiwa limeanza:

1. Betri, chanya kwa hasi. Tuseme 13.8.
2. Ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, ncha nyeusi kwenye waya wa chanya wa pampu. Hiyo ni volti inayopotea njiani kwenda. Isizidi 0.5 au 0.6.
3. Ncha nyekundu kwenye waya wa hasi wa pampu, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Hiyo ni inayopotea njiani kurudi. Isizidi 0.2.

Utahitaji waya mrefu kutoka nyuma hadi mbele, mita 4 hivi, na huo waya hauathiri kipimo. Cha pili kikiwa kikubwa, fuata fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme) na miguu yake, rilei kuu ya EFI, kisha rilei ya pampu. Fungua kifuniko cha rilei ya pampu uangalie vidomo (sehemu zinazogusana kupitisha umeme): vikiwa vyeusi na vyenye mashimo, badilisha rilei, usipige msasa, maana tabaka la juu likiisha vinaungua tena ndani ya wiki chache. Cha tatu kikiwa kikubwa ni bodi: bolti inayofunga waya mweusi kwenye chuma cha gari imepata kutu au rangi.

Kuna njia ya mkato ya kutenganisha rilei na pampu. Kwenye kilekile kiboksi cha DIAGNOSTIC unganisha +B na FP kwa waya mfupi, fungua swichi. Umeme unakwenda kwenye pampu bila kupitia rilei yake. Pampu ikizunguka hapo lakini haizunguki unapopiga stata, usifungue tangi, shida iko kwenye rilei, waya zake au ishara ya distributa. Kuwa makini na herufi: +B ikigusa E1 utaunguza fyuzi, au waya.

Ukiwa na klampu ya kupimia ampea, izungushie waya wa pampu. Kwa presha ya kawaida utaona kati ya 4 na 6 hivi. Ikizidi 8, mota inakwama. Ikishuka pamoja na presha huku pampu ikilia kama nyuki, haibebi mzigo: inavuta hewa, au mdomo wake umezibwa.

---

pwani_garage

Waheshimiwa hapo juu wameshaeleza vizuri. Mimi nitaongelea neno moja ulilosema: mafuta yakiwa chini ya robo shida inakuja mapema. Na lingine: ukikaa dakika 10 inapona.

Chini ya pampu kuna chujio la kitambaa cha plastiki, kama soksi. Filta ya mafuta ya kwenye chumba cha injini umebadilisha, lakini hili watu hawaligusi kwa sababu halionekani. Pampu ikivuta, uchafu uliolala tangini unakokotwa na kujibandika juu ya kitambaa, kidogo kidogo, mpaka mdomo unazibwa. Gari linazima. Pampu ikisimama, hakuna kinachovuta, uchafu unaachia na kudondoka, njia inafunguka. Ukiwasha, linatembea. Kisha unakusanyika tena. Ukiwa na tangi lililojaa uchafu umetawanyika. Ukiwa na robo, mafuta yanacheza na kuuinua wote kutoka sakafuni. Na mafuta kidogo yanapata joto haraka, wakati pampu inapoozwa na hayohayo mafuta.

Kipimo cha chujio ni kufungua tangi tu. Lakini dalili yake kwenye geji ni nzuri kuisoma: presha haianguki ghafla, inateremka taratibu dakika kadhaa, sauti ya pampu inapanda kuwa nyembamba, na ukizima kwa dakika 10 inarudi kwenye namba ileile ya asubuhi. Rilei ikikatika mshale wa geji unadondoka kwa mara moja.

Kabla ya hapo, jaribio la bure: mfuniko wa tangi. Una valvu ya kuingiza hewa. Ikiziba, tangi linakuwa na mvuto ndani na pampu inashindana nao. Shida ikianza, simama, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likapona papo hapo, umemaliza. Mvumo mdogo ni wa kawaida.

Na ubora wa mafuta. Chukua filta uliyoitoa kama hujaitupa, imimine kwa upande wa kuingilia ndani ya chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache nusu saa. Maji yatakaa chini kama tabaka lenye mstari. Vumbi jekundu ni kutu ya tangi, vipande vyeusi laini ni mpira unaooza. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mwingi zaidi zamani. EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) walianza kuweka vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa 2011 faida ya kuchanganya ikapungua. Maji na kutu bado vipo, vya kwenye matangi ya ardhini na vya kwenye tangi lako mwenyewe.

---

EE90_Tanga

Samahani kudandia uzi. Ninayo Corolla EE90, injini 2E ya kabureta, inafanya kama hivi ikipanda mlima. Naweza kufunga pampu ya umeme ya EFI kama ya hiyo 110?

---

Fundi_Petroli

Hapana ndugu. Pampu ya EFI inasukuma zaidi ya psi 40. Kabureta yako inahitaji kati ya 3 na 5 hivi. Sindano ya ndani haiwezi kuzuia presha hiyo, petroli itafurika juu ya injini yenye moto. Ni hatari ya kweli.

Pampu yako inaendeshwa na kamu (ekseli yenye nundu) ya injini. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, kata umeme wa koili, piga stata sekunde 10. Mafuta yatoke kwa mapigo yenye nguvu, si kwa kudondoka. Yakiwa dhaifu, kabla ya kuilaumu pampu badilisha mipira yote kati ya tangi na pampu. Upande huo pampu inavuta, kwa hiyo mpira wenye ufa haudondoshi petroli, unaingiza hewa, na kwa macho utauona mzima. Angalia pia kama oili ya injini inanuka petroli: ngozi ya pampu ikichanika, mafuta yanashuka kwenye kareta (bakuli la oili chini ya injini) na oili inakuwa nyepesi. Ikiwa hivyo usiliendeshe, badilisha pampu na oili pamoja.

---

dereva_kibaha

Wakuu nimerudi na vipimo. Asanteni sana.

Ilipozima, cheche zilikuwepo, bluu, na mshale wa mzunguko ulicheza wakati wa stata. Nilipopuliza dawa ilishika ikazima. Kodi nimepata 25 peke yake. Kufungua mfuniko wa tangi hakukubadilisha kitu.

Geji, kimpira cha regulata kikiwa kimechomolewa: asubuhi 39. Baada ya dakika 35 ilikuwa 31, na ilipoanza kushtuka 25. Kubana mpira wa kurudisha kuliipandisha hadi 28 tu.

Umeme, wakati presha iko 25: betri 13.8. Njia ya kwenda inapoteza 0.6. Njia ya kurudi inapoteza 2.3.

---

waya_mwekundu

Kazi safi. Angalia hesabu yako: 13.8 ukitoa 0.6 na 2.3 inabaki 10.9. Ndiyo volti pampu yako inayofanyia kazi. Njia ya kwenda iko kwenye mpaka, iache. Njia ya kurudi ni mbaya mno.

Fuata waya wa hasi kutoka soketi ya pampu hadi bolti yake ya bodi. Fungua, sugua chuma mpaka king'ae, sugua na kichwa cha waya pande zote mbili, funga na washa ya meno, kisha paka grisi juu, si katikati. Kichwa cha waya kikiwa na kijani ndani, kata ubane kipya, maana kutu hiyo inaingia ndani ya nyuzi. Usihamishie hasi kwenye skrubu yoyote ya plastiki au kwenye kifuniko cha tangi lenyewe. Cheche ya hapo hutaki kuiona.

Soketi ya pampu nayo iangalie kwa karibu. Pini iliyopata moto inakuwa ya kahawia na plastiki inayoizunguka inalainika kama nta. Ukiiona hivyo, badilisha soketi yote, usiikaze kwa koleo.

Kisha rudia vipimo vyote, na presha pia, kwa safari ileile ya dakika 40.

---

pwani_garage

Nakubaliana na bodi, lakini nina shaka haitamaliza. Asubuhi 39 ikiwa bodi tayari ni mbovu kiasi fulani, sawa. Ila kule kupona kwa dakika 10 na ile habari ya robo tangi bado vinanielekeza kwenye soksi. Rekebisha kimoja, pima, ndipo uguse kingine. Ukifanya vyote kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kipi.

---

dereva_kibaha

Ni kweli kabisa. Kichwa cha waya wa bodi kilikuwa na kijani mpaka ndani. Nimebana kipya na kusafisha chuma. Sasa njia ya kurudi inapoteza 0.1 na pampu inapata volti 13.1.

Presha ya asubuhi imepanda kuwa 42. Gari inavuta, haijazima tena. Lakini nikiwa na robo tangi, dakika ya 50 kwenye foleni, imeteremka taratibu hadi 34, pampu ikaanza kulia nyembamba. Volti hazikubadilika. Nilipozima dakika 10 ikarudi 42. Nifungue tangi?

---

pwani_garage

Ndiyo, sasa una sababu ya kulifungua. Volti hazikubadilika na presha imeshuka, kwa hiyo umeme hauhusiki tena.

Tangi libaki robo au chini ya hapo. Fanyia nje penye upepo, hasi ya betri imetolewa, hakuna sigara, hakuna balbu ya waya, tochi tu. Usivute petroli kwa mdomo. Kabla ya kufungua skrubu za sahani ya pampu, puliza na ufute vumbi lote lililolala juu yake, la sivyo mchanga wa miaka 20 utaingia tangini, nawe unalifungua ili kuutoa.

Chomoa mipira ukiwa umeweka alama ipi ni ya kwenda na ipi ya kurudi. Inua sahani kwa kuinamisha, kuna kijiti cha kipimo cha mafuta, kikipinda geji ya dashibodi itadanganya daima. Ukishaitoa, angalia vitu vinne.

Soksi: ikiwa nyeusi na ngumu, badilisha, usioshe. Kitambaa kilichooshwa kwa brashi kinatanuka matundu na uchafu unaingia kwenye pampu.

Mpira mfupi kati ya pampu na bomba la sahani: ukunje kwa vidole. Ukiwa na nyufa, mafuta yanavujia ndani ya tangi lenyewe, presha inapungua na hakuna tone utakaloliona nje. Ununue ule uliotengenezwa kuzama kwenye petroli. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kustahimili petroli kwa ndani tu. Ukizamishwa unavimba, unalainika, na klempu inaachia.

Kimto cha mpira chini ya pampu: kirudishe, kinazuia mtetemo usivunje waya.

Gasketi ya sahani: mpya. Ya zamani itaacha harufu ya petroli ndani ya gari kila ukijaza tangi.

Mulika ndani ya tangi. Vumbi kidogo unaweza kulifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ukiona magamba ya kutu, tangi lishushwe lioshwe, vinginevyo soksi mpya itaziba ndani ya miezi michache.

---

Fundi_Petroli

Nyongeza mbili. Ukiwa umeshaitoa pampu, usiijaribu kwa betri ikiwa kavu mkononi, hata sekunde chache. Inapakwa mafuta na petroli yenyewe, na brashi zake zinatoa cheche penye mvuke. Ipime ikiwa imerudi tangini: chomoa mpira wa kurudisha kwenye reli, elekeza kwenye chupa yenye alama za mililita, unganisha +B na FP kwa sekunde 30. Nusu lita au zaidi, pampu ni nzima, irudishe bila kununua mpya.

Ukiamua kununua mpya, angalia alama za chanya na hasi kabla ya kufunga. Ikifungwa kinyume inazunguka kwa nyuma, inanguruma vizuri tu, na presha haipatikani.

Na filta ya mafuta uliyobadilisha mwanzoni, itoe tena baada ya wiki mbili uikague. Ukivuruga tangi, uchafu uliopita soksi ya zamani unaishia humo.

---

dereva_kibaha

Soksi ilikuwa nyeusi, ngumu kama karatasi iliyolowa ikakauka, na upande mmoja ulikuwa umefyonzwa mpaka kugusa mdomo wa pampu. Mpira mfupi ulikuwa na ufa mdogo karibu na klempu. Nimebadilisha soksi, mpira, klempu mbili na gasketi. Pampu ilitoa mililita 640 kwa sekunde 30, nimeirudisha ileile.

Leo foleni saa moja na robo, mafuta chini ya robo, kimpira kikiwa kimechomolewa: 42 mwanzo, 41 mwisho. Kimpira kikirudishwa, 34. Nilipozima, baada ya dakika 5 ilisoma 29. Kodi 25 nimeifuta kwa kutoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja, haijarudi. Filta nitaikagua tarehe 20 na kuwaletea kilichomo kwenye chupa.